Kutoka Port Reitz hadi nchi ya chai: mwongozo wa abiria wa ndege anayekwenda Kericho na Bomet

Hakuna ndege ya ratiba inayoondoka Mombasa ikatua Kericho, wala Bomet. Tunalianza hili mapema kwa sababu kuna wanaolijua wakiwa wameshalipa. Kericho kuna kiwanja kidogo, Kerenga, na kina hata msimbo wake wa kimataifa, KEY; ndiyo maana ukiandika jina la mji huo kwenye baadhi ya mitandao ya kukatia tiketi, linachomoza kana kwamba kuna safari. Ndege zinazoshuka pale ni za kukodi na za wakubwa. Abiria wa kawaida kutoka Pwani atatua mahali pengine, kisha amalizie kwa gari, na hapo kwenye gari ndipo safari nyingi za bara huharibika.

Watu wetu wanaopanda huko si wachache. Wapo madalali na waonjaji wa mnada wa chai wa Mombasa, wanaokwenda kuvitazama viwanda ambavyo chai yake huwajia kwa malori. Wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, walimu, askari, na walioolewa huko. Na wapo wagonjwa, hasa wa moyo, wanaopewa rufaa kwenda Hospitali ya Tenwek, Bomet, hospitali ya misheni iliyoanza 1937 kama zahanati na ambayo leo hupasua moyo na kurekebisha vali zake. Mfanyabiashara akichelewa siku moja atapiga simu, aombe radhi. Mgonjwa akikosa siku yake ya kitanda, huenda akarudi mwisho wa foleni. Kwa hiyo mwongozo huu unamfikiria mgonjwa na mtu wake kwanza, wengine watachukua kinachowafaa.

Utue wapi

Swali la kwanza si bei ya tiketi. Swali ni: usiku utalala wapi?

Ukilala Kericho mjini, Kapsoit, Kabianga au Litein, uwanja wako ni Kisumu. Kutoka Kisumu hadi Kericho ni kama kilomita 80 kupitia Ahero na Awasi, na kwa gari zuri ni saa moja na nusu hadi mbili. Kutua Nairobi na kupanda gari hadi Kericho kupitia Nakuru ni zaidi ya kilomita 250, siku nzima imekwisha.

Ukilala Bomet, Longisa au Tenwek, hesabu inageuka. Wengi hudhani Bomet na Kericho ni jirani, basi Kisumu itafaa kote. Ni jirani kweli, lakini kutoka Kisumu utapanda hadi Kericho, kisha ushuke tena kupitia Litein, Kapkatet na Kaplong ndipo uifikie Silibwet na Tenwek. Tenga saa tatu na nusu barabarani, na zaidi mvua ikinyesha. Kutoka Nairobi, barabara ya Mai Mahiu na Narok inakufikisha Bomet kwa saa nne hadi tano, na umelipia ndege moja badala ya mbili. Ukijumlisha muda wa kungoja ndege ya pili Nairobi, njia ya Narok ndiyo nyepesi, na kwa mgonjwa ina faida nyingine: anapanda na kushuka ndege mara moja tu.

Kuna jambo moja linaloipindua hesabu hii. Jambojet imewahi kuwa na safari za moja kwa moja kati ya Mombasa na Kisumu bila kupitia Nairobi. Safari za namna hii huongezwa na kupunguzwa kwa msimu, kwa hiyo angalia ratiba ya wiki yako mwenyewe, usitegemee alichokuambia jirani aliyesafiri mwaka jana. Ukiipata, na ikiwa ni ya asubuhi, ichukue hata kama unakwenda Bomet.

Wa Malindi na Lamu wao hawana haja ya kuteremka hadi Mombasa. Malindi na Manda zina ndege za kwenda Nairobi. Tahadhari yao ni moja: baadhi ya ndege hizo hutua Wilson, na baadhi Jomo Kenyatta. Ni viwanja viwili tofauti, na kati yake kuna msongamano wa magari wa Nairobi. Mtu aliyenunua Lamu hadi Wilson, kisha akanunua Jomo Kenyatta hadi Kisumu akaacha saa moja katikati, pesa zake amezitupa.

Tiketi moja au mbili

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye hasara kubwa.

Ukipitia Nairobi kwenda Kisumu, nunua safari nzima kwa tiketi moja, yenye nambari moja ya kumbukumbu. Nambari hiyo kwa kawaida ina herufi na tarakimu sita. Ukiwa na tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, kazi ya kukutafutia nafasi kwenye ndege nyingine ni ya kampuni. Ukiwa na tiketi mbili ulizozinunua mbalimbali, hasa kwa kampuni mbili, ya pili inakuhesabu hukutokea. Tofauti ya bei unayoiokoa ni ndogo kuliko bei ya tiketi mpya ya kununuliwa kaunta siku hiyo hiyo.

Ikikulazimu kununua mbili, acha angalau saa tatu Nairobi. Na kama una miadi ya hospitali, fika siku moja kabla, isiwe asubuhi ya siku yenyewe. Nairobi ina siku zake. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma na maelfu ya abiria wakakwama. Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma Jomo Kenyatta kupinga mpango wa kampuni ya Adani, na ndege za nchi nzima zikavurugika. Siku kama hizo hazitangazi kwa kila mtu, lakini aliyeweka usiku mmoja wa akiba aliweza hata kupanda basi akafika.

Soma saa ya tiketi kwa makini. Ndege hutumia saa za kizungu na za tarakimu nne. 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi. 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Mzee akiambiwa kwa simu "ndege ni saa saba" na msemaji akiwa amesoma 07:00, kuna mtu atafika uwanjani adhuhuri. Ukimnunulia mzazi tiketi, mwandikie saa kwa Kiswahili kwenye karatasi.

Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Ndugu zetu wenye majina matatu na manne, bin na binti, waandike yale yaliyo kwenye kitambulisho au pasipoti, kwa mpangilio unaosomeka. Mtoto abebe cheti cha kuzaliwa. Kama mtoto anasafiri na mtu asiye mzazi wake, barua ya mzazi yenye nambari ya simu huondoa maswali mengi.

Ada ya abiria ya safari za ndani, shilingi 600, imo ndani ya bei ya tiketi. Mtu akikudai uwanjani "pesa za eapoti" pembeni, mpite. Vivyo hivyo anayekuuzia tiketi kwa simu akataka utume pesa kwa nambari ya mtu binafsi: mwambie akutumie nambari ya kumbukumbu kwanza, uihakiki kwenye tovuti ya kampuni au kwa simu yao, ndipo ulipe.

Kufika uwanja wa Moi

Uwanja uko Port Reitz, bara ya magharibi ya kisiwa, kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Umbali huo usikudanganye. Changamwe hubeba malori ya bandari, na asubuhi moja lori likizimika mzungukoni, waliotoka Nyali saa nzima kabla wanalitazama tu. Anayetoka Mtwapa au Kilifi asihesabu kilomita, ahesabu daraja la Nyali na Changamwe. Wa Diani, Ukunda na Msambweni wamepata afueni kubwa: barabara ya Dongo Kundu inawatoa Kwale hadi upande wa Miritini na uwanja bila kuigusa feri ya Likoni. Kwa ndege ya alfajiri hii ni faraja, na sielewi kwa nini bado kuna madereva wanaopeleka abiria wa Ukunda kwenye foleni ya feri, isipokuwa kama anayelipia mafuta ni abiria.

Kwa ndege ya ndani, uwe mlangoni saa mbili kabla. Kaunta hufungwa mapema kuliko ndege inavyoondoka, na ikishafungwa, hata ukiiona ndege kwa macho yako, umeachwa.

Kwenye lango la nje abiria huweza kutakiwa ashuke garini akaguliwe kwa miguu huku gari likipekuliwa, kisha apande tena upande wa pili. Kama una mgonjwa asiyeweza kutembea, dereva amwambie askari mapema, kabla ya gari kusimama kwenye mstari. Kuna majengo mawili ya abiria, la kwanza na la pili. Ulize kampuni yako inatumia lipi siku hiyo, umwambie dereva kabla hamjafika.

Kagua mkoba wako nyumbani. Kisu cha kumenyea maembe, mkasi, kiberiti cha gesi cha akiba, vyote vitabaki kwenye ndoo ya askari. Pawabenki haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Zibebe mkononi, na zisizidi wati-saa 100, ambazo ni kama miliampia 27,000 kwenye maandishi ya kifaa.

Mgonjwa na mtu wake

Wagonjwa wengi wa vali za moyo ni vijana, na maradhi yao mara nyingi huanzia kwenye homa ya koo ya utotoni isiyotibiwa. Kwa macho wanaonekana wazima. Ndiyo maana mtu wa kaunta hawezi kujua, na ndiyo maana ni lazima useme.

Kwanza, barua. Daktari wa Mombasa aandike kuwa mgonjwa anafaa kusafiri kwa ndege, aandike ugonjwa kwa kifupi, na iwe ya siku za karibuni. Ndani ya ndege hewa ni nyembamba kuliko ya ufukweni, hali inayofanana na ya mtu aliye juu mlimani, na moyo dhaifu au mapafu yenye maji hulihisi hilo. Mwenye siko seli naye amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Tena wote hawa wakumbuke kuwa safari haiishii angani: Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya bahari, na wao wametoka mahali ambapo bahari iko mlangoni.

Pili, mahitaji. Kiti cha magurudumu hutolewa bila malipo lakini kiombwe wakati wa kukata tiketi, au angalau siku mbili kabla. Oksijeni ni jambo zito zaidi. Mtungi wako wa nyumbani hauruhusiwi kuingia ndani hivi hivi. Kampuni itake fomu iliyojazwa na daktari, na nyingine hazichukui kabisa mgonjwa anayehitaji oksijeni njia nzima. Ndege za Jambojet ni Dash 8 zenye mapanga, na ngazi yake ni fupi na nyembamba. Anayeweza kupanda vidato vichache atapanda. Asiyeweza, uliza kabla ya kulipa watampandishaje.

Mjamzito aulize pia: kampuni nyingi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28.

Tatu, dawa na karatasi ziwe mkononi, zisiwe kwenye mzigo wa chini. Barua ya rufaa, picha za moyo, kitambulisho, na usajili wa SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ongea na hospitali kwa simu kabla ya kuondoka, uhakikishe siku yako bado ipo. Na tiketi ya kurudi usiikate pamoja na ya kwenda kama ni upasuaji, isipokuwa iwe ya kubadilishika. Daktari aliyempasua ndiye atakayesema lini mgonjwa aruhusiwe kupanda ndege.

Wanaokwenda na mgonjwa wawe wawili ikiwezekana. Mmoja hukaa wodini, mwingine hushughulika na mji usiomjua.

Mizigo

Jambojet huruhusu kilo 7 za mkononi, na tiketi yake ya bei ya chini haina mzigo wa chini, utaulipia. Kenya Airways huruhusu kilo 12 mkononi. Mzigo ulipie mapema mtandaoni, kwa kuwa kaunta bei hupanda.

Mpwani haendi kwa watu mikono mitupu, na hilo halitabadilika kwa sababu ya kampuni ya ndege. Halua, achari kavu, ubuyu na kashata husafiri vizuri. Achari ya mafuta na samli ziweke kwenye chombo cha kufunga kwa kusokota, uzungushie kitambaa, kisha kwenye mzigo wa chini. Samaki mkavu uliza kwanza; harufu yake ikivuja utajulikana ndege nzima. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo tumia kapu au mfuko wa kitambaa.

Na beba sweta. Si mzaha. Usiku wa Kericho mtu wa Kisauni hulala na blanketi mbili na soksi. Mgonjwa na mtoto wavae nguo nzito kabla ya kushuka garini, si baada ya kuanza kutetemeka.

Ukishatua

Pendelea ndege ya asubuhi. Mchana na jioni kandokando ya ziwa hupiga radi na mvua kubwa, na Kericho yenyewe hunyeshewa alasiri karibu mwaka mzima, mara kwa mara kwa mvua ya mawe. Ukitua Kisumu saa nne asubuhi unaingia Kericho kabla ya wingu.

Uwanja wa Kisumu uko nje ya mji, kwenye barabara ya Busia, na matatu za Kericho hazianzii hapo. Chukua teksi au tuktuk hadi stendi kuu, au panga gari la kukufuata likupeleke moja kwa moja. Kwa mgonjwa hili la pili ndilo. Patana bei kabla ya mzigo kuingia buti. Msimu wa masika, uwanda wa Kano karibu na Ahero hufurika, kwa hiyo mpigie dereva jioni ya kabla yake umuulize barabara ikoje.

Anayetua Nairobi kwenda Bomet aondoke Jomo Kenyatta kabla ya saa sita mchana. Barabara ya juu ya kulipia inampitisha mji hadi Westlands bila foleni, kisha ashike njia ya Mai Mahiu. Mvua kubwa huiathiri njia hii: Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Narok. Usiku usisafiri, si huko wala upande wa Nakuru. Makutano ya Londiani, kwenye njia ya Nakuru na Kericho, ndipo Juni 30, 2023 lori lilipowavamia watu na magari kando ya barabara na kuua zaidi ya 50, nayo ilikuwa jioni tu.

Aliyefunga azingatie kuwa jua la Kericho huchwa kama dakika 17 baada ya la Mombasa. Usifuturu kwa adhana ya redio ya nyumbani.

Kurudi

Hesabu kinyumenyume. Ndege ya Kisumu ya saa tisa mchana inakutaka uwanjani saa saba, uondoke Kericho saa nne na nusu, na si dakika ya baadaye, kwa sababu malori ya chai na matrekta ya mashambani hayapishi kwa haraka. Kutoka Tenwek uondoke saa mbili asubuhi.

Wenyeji watakupa zawadi. Majani chai ya pakiti hayana shida. Yanunue huko huko, ni mabichi kuliko ya dukani kwetu. Mursik, maziwa ya kuchacha ya Wakalenjin, huja ndani ya kibuyu, nayo yanaendelea kuchacha yakiwa humo. Kibuyu hicho kikipanda ndege na kifuniko kilichokazwa, hewa yake hutafuta pa kutokea. Yanywe kwa wenyeji, waombe kibuyu kitupu, na hicho ndicho ukipandishe ndege.